Daktari Anayeandika Hapumziki

Kuna makala ambayo sisi wote tumeisoma mara nyingi mpaka tunaweza kuiandika tukiwa usingizini. Picha ni ya daktari aliyevaa koti jeupe, stethoskopu shingoni, laptopu mbele yake. Kichwa kinasema daktari huyu amepata faraja katika uandishi. Aya ya kwanza inatuambia kazi ya hospitali ni ngumu. Ya pili inatuambia kwamba usiku, watoto wakishalala, yeye huandika hadithi "kutoa stresi". Ya tatu inatuambia kitabu kinauzwa wapi na kwa bei gani. Kutoka juu mpaka chini, hakuna sentensi hata moja inayotuambia kama kitabu chenyewe ni kizuri au ni kibaya.

Msee ameandika riwaya nzima na aliyemhoji hajafungua hata ukurasa wa kwanza. Wanampigia makofi kwa sababu hajalala.

Wacha niseme bila kuzungukazunguka: kuziita hadithi za daktari njia ya kutoa stresi ni matusi, hata yakisemwa kwa tabasamu. Yanaitusi hadithi, yanamtusi daktari, na yanamtusi mgonjwa, ambaye hata hajaulizwa. Na kwa sababu wanaoyarudia zaidi ni sisi wapenzi wa fasihi, kwenye mahojiano na uzinduzi wa vitabu, basi ni sisi tunaopaswa kuacha kwanza.

Anza na hilo neno "kutoa". Tunatoa takataka. Tunatoa jasho. Tunatoa hewa tairi ikijaa sana. Kitu kikitolewa, lazima kuna mahali kinapoangukia. Sasa daktari akitoa uchungu wake kwenye hadithi, unaangukia wapi? Unamwangukia msomaji. Yaani mimi na wewe, tuliolipa pesa yetu, ndio mtaro wa maji machafu. Hakuna fundi wa viti anayeambiwa kwamba kiti chake ni njia ya kutoa stresi. Kiti kinaulizwa swali moja: ukikikalia, kitakubeba?

Najua mtaniambia kuna utafiti. Ni kweli, upo. Mwaka 1986 huko Marekani, mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu mambo yaliyowaumiza zaidi maishani. Katika miezi iliyofuata, wanafunzi hao walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko wale walioandika kuhusu mambo ya kawaida. Sipingi hayo hata kidogo. Lakini angalia waliandika nini. Waliandika mambo yao wenyewe, bila kujali tahajia wala sarufi, kwenye karatasi ambazo hakuna mtu angezipitia na kalamu nyekundu. Hiyo ni shajara. Shajara ni nzuri, kila mtu awe nayo, daktari, makanga, mama mboga. Shajara haina deni kwa mtu.

Hadithi ina deni. Ukishaamua kwamba huyu si wewe tena bali ni Njeri, muuguzi wa zamu ya usiku huko Machakos, umeanza kazi nyingine. Njeri ana sauti yake. Njeri anajua mambo usiyoyajua na hajui mambo unayoyajua. Kile kisa kilichokuumiza zaidi pengine hakina nafasi katika maisha ya Njeri, na itabidi ukikate, hata kama ndicho kilichokufanya ukae chini uandike. Ukikata, hujapunguza stresi. Umejiongezea. Ndiyo maana nasema daktari anayeandika hadithi kwa dhati hapumziki. Ametoka zamu moja akaingia nyingine, na hii ya pili haina hata mtu wa kumpokea asubuhi.

Wapenzi wa "faraja" hupenda kumtaja Anton Chekhov, daktari Mrusi aliyeandika hadithi fupi ambazo dunia nzima bado inajifunza kutoka kwake. Sawa, tumtaje. Chekhov alianza kusomea udaktari Moscow mwaka 1879 akahitimu 1884. Baba yake, mwenye duka katika mji wa Taganrog, alikuwa amefilisika na kuwakimbia wadeni. Huyo kijana akaanza kuyaandikia magazeti ya vichekesho akiwa bado mwanafunzi, akilipwa kwa idadi ya mistari, ili nyumbani watu wale. Hiyo haikuwa faraja. Hiyo ilikuwa rent.

Halafu soma hadithi yake ya mwaka 1892, ile ya wodi nambari 6. Kuna daktari anaitwa Ragin, msimamizi wa hospitali ya mji mdogo. Hospitali imeoza. Wafanyakazi wanaiba, na wagonjwa wa akili wanapigwa na mlinzi anayeitwa Nikita. Ragin anayajua yote. Lakini amejishawishi kwamba hakuna la kufanya, kwamba mateso yako akilini tu, basi anaenda zake nyumbani mapema na kusoma vitabu, kinywaji kikiwa kando yake. Mwishowe anapata mtu mmoja tu katika mji mzima wa kuzungumza naye kwa akili, naye ni mgonjwa ndani ya wodi ileile. Anaenda kila mara kupiga naye gumzo. Wenzake wanaamua kwamba daktari naye amerukwa na akili, wanamlaghai aingie wodini, wanamfungia. Nikita anampiga kama alivyowapiga wengine. Kesho yake Ragin amekufa.

Sasa niambie, nani katika hadithi hiyo alikuwa na njia ya kutoa stresi? Ni Ragin. Alikuwa na vitabu vyake, utulivu wake, falsafa yake ya jioni. Chekhov daktari aliandika hadithi ya kumshtaki daktari ambaye faraja yake ilimwezesha kuvumilia mateso ya watu wengine. Mtu akiniletea Chekhov kama ushahidi kwamba uandishi ni dawa ya uchovu wa kazi, namuomba arudi akaisome hiyo tena, pole pole.

Kuna jambo daktari anakuja nalo kwenye hadithi ambalo sisi wengine hatuna, na kwa sababu ya hizi ngonjera za faraja hatulizungumzii. Ni masikio. Kila asubuhi kliniki, mtu anaketi mbele ya daktari na kuanza hadithi. Shida ni gani? Ilianza lini? Halafu ikaendaje? Nani mwingine nyumbani ana hiyo shida? Daktari husikia mianzo ya hadithi 30 au 40 kabla ya saa saba, na kila mmoja unakuja na lugha yake. "Daktari, mwili unawaka moto lakini nikiguswa ni baridi." "Kuna kitu kinatembea hapa, kinashuka, kinarudi." "Tangu mzee aende, kifua kimekataa." Hapo kuna tamathali ambazo mshairi angekesha akizitafuta.

Na zinaenda wapi? Zinaenda kwa faili, kwa Kiingereza, kwa vifupisho. Mwili unaowaka na ulio baridi unakuwa homa. Kitu kinachotembea kinakuwa maumivu ya tumbo ya wiki mbili. Mzee aliyeenda hata haandikwi. Silaumu faili, faili ina kazi yake, na mgonjwa wa 31 yuko kwenye foleni. Lakini mwandishi ndani ya huyo daktari anapaswa kuirudia sentensi ilivyosemwa, kwa lugha iliyosemwa, na aulize kwa nini huyo mama alisema kifua "kimekataa" na si "kinauma". Nimesoma rasimu nyingi za watu wa hospitali, kwa sababu kuhariri ndiko kunanilipia unga, siku zikilipa. Udhaifu wao ni uleule. Wanaandika faili. Mhusika anaingia, dalili zinatajwa, ugonjwa unajulikana, hadithi imeisha. Daktari amezoea kwamba jina la ugonjwa ndilo jibu. Kwenye hadithi, jina la ugonjwa ni mahali pa kuanzia tu: sasa mama amejua ni saratani, anarudi Kayole kwa matatu, ameketi dirishani, konda anamdai shilingi hamsini. Hapo ndipo nataka kusoma.

Udhaifu wa pili ni kwamba daktari kwenye hadithi yake karibu kila mara ndiye shujaa. Amechoka lakini ni mwema. Mfumo ni mbaya, yeye anajitahidi. Wagonjwa wanakuja, wanakufa vizuri, wanamfunza jambo. Chekhov hakujihurumia hivyo.

Mambo haya yanarekebishika, lakini yanarekebishwa na mtu anayekuambia ukweli. Muuguzi mmoja ninayemjua alipeleka hadithi kwenye warsha ya uandishi hapa Nairobi. Hadithi ilihusu hesabu ya vitambaa baada ya upasuaji: kimoja hakionekani, na kila mtu mle chumbani anaanza kumwangalia mwenzake. Wazo tamu sana. Lakini katikati ilikuwa na kurasa tatu za maelezo ya vifaa, mpaka unasahau kwamba kuna mtu yuko wazi mezani. Aliyeongoza warsha alimwambia nini? "Asante dada kwa kutushirikisha safari yako ya uponyaji." Watu wakapiga makofi. Dada wa watu akarudi nyumbani na kurasa zake tatu zilezile. Alikuwa amebadilishana zamu mbili ili apate hiyo Jumamosi.

Hiyo ndiyo heshima tunayowapa. Tunawasifu mpaka wanabaki palepale.

Sasa tuje kwa tusi la pili, ambalo ni la mfuko. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 uliendelea siku 100, na Februari 2017 viongozi wa chama chao wakalala jela. Mwaka 2024 waligoma tena, siku 56. Moja ya mambo makubwa yaliyobishaniwa ni malipo ya madaktari wanagenzi: wao walidai takriban shilingi 206,000 kwa mwezi zilizo kwenye mkataba, serikali ikasema ina 70,000. Mwanagenzi ni mtu aliyemaliza miaka sita ya chuo na anafanya zamu zinazovuka saa 24 bila kulala. Mwaka huohuo nchi ilikuwa inaomboleza wanagenzi waliofariki wakiwa wamezidiwa na maisha.

Katika hali hiyo, kila unapogeuka kuna mtu mwenye ushauri. Fanya mazoezi. Kunywa maji. Tafuta hobi. Andika! Na mimi nauliza: andika saa ngapi? Na kwa nini dawa ya kazi inayomvunja mtu iwe ni kazi nyingine, isiyolipwa, aifanye peke yake saa nane usiku? Mtu aliyechoka kwa sababu hajalipwa anahitaji kulipwa. Aliye peke yake kwenye wodi ya watu 60 anahitaji mwenzake wa pili. Ukimpa daftari badala ya hivyo, hujajali sanaa wala afya yake, umepata tu njia rahisi ya kumwambia anyamaze kwa mwandiko mzuri. Na aliyezama kweli kwenye giza anahitaji daktari wake mwenyewe na watu wa kukaa naye, si tarehe ya mwisho ya shindano la hadithi fupi.

Hapa ndipo jambo hili linanihusu mimi. Niliacha chuo. Naandika kwa kulipwa kipande kwa kipande, na nikisema mimi ni mwandishi, watu wa kwetu wananiuliza, "Sawa, lakini kazi unafanya gani?" Shangazi yangu hunitumia zile makala za daktari mwenye laptopu. Ujumbe wake ni mfupi: "Ona, huyu alisoma kwanza." Nampenda shangazi, lakini angalia hiyo hesabu inavyofanya kazi. Mimi nikiandika, ni uvivu, kwa sababu sina kazi nyingine. Daktari akiandika, ni jambo la kupendeza, kwa sababu ana kazi nyingine. Katika visa vyote viwili, uandishi wenyewe umehesabiwa sufuri. Kwa hivyo sina wivu na daktari. Tunadharauliwa na mdomo mmoja, ila yeye anadharauliwa kwa makofi.

Na wahariri wanajua kuitumia hiyo hesabu. Daktari hatadai malipo ya hadithi, si ana mshahara? Mimi nikidai, naambiwa kuna watu "wanaoandika kwa mapenzi". Faraja yake inashusha bei yangu.

Tusi la tatu ndilo linaloniudhi zaidi. Uchungu ambao daktari "anautoa" mara nyingi si wake. Ni wa mtu aliyekuwa kitandani. Katiba yetu, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Afya ya 2017 inalinda siri za mgonjwa. Lakini hata tuweke sheria kando. Mtu alivua nguo mbele yako kwa sababu alikuwa mgonjwa. Hakuvua ili upate hadithi. Kubadilisha jina na kuhamisha kijiji kutoka Siaya hadi Bungoma hakutoshi, kama bintiye akisoma atamjua mama yake kwa vile alivyokuwa akishika kitambaa.

Simaanishi waache. Namaanisha waje na uzito. Nawal El Saadawi alikuwa daktari wa Misri. Mwaka 1972 alipoteza kazi yake katika Wizara ya Afya kwa sababu ya alichoandika kuhusu wanawake na miili yao. Baadaye, akiwa katika utafiti kwenye gereza la wanawake la Qanatir, alisikia habari za mwanamke aliyesubiri kunyongwa kwa kumuua mwanamume aliyekuwa akimuuza. Mwanamke huyo mwanzoni alikataa kabisa kumwona. El Saadawi anasimulia kwamba kukataliwa huko kulimtikisa, na kwamba alisubiri mpaka mwenyewe alipomwita. Kutoka hapo kikazaliwa kitabu cha Firdaus, ambacho kwa Kiingereza kinaitwa Woman at Point Zero. Angalia nani anazungumza ndani yake. Daktari anafungua mlango, anaketi sakafuni, ananyamaza. Karibu kitabu chote ni sauti ya Firdaus. Na mwaka 1981 serikali ilimtia El Saadawi mwenyewe ndani ya gereza hilohilo. Nani atathubutu kusema huyo mama alikuwa anatoa stresi?

Hatuhitaji kwenda mbali pia. Wengi wetu tulimsoma Margaret Ogola darasani. Alikuwa daktari wa watoto, na alihudumia watoto mayatima wenye virusi vya Ukimwi hapa Nairobi. The River and the Source ilitoka mwaka 1994, na ya baadaye, I Swear by Apollo, imechukua jina lake kutoka maneno ya kwanza ya kiapo cha madaktari. Mwalimu wetu hakutuuliza kama Dkt. Ogola alipata faraja. Alituuliza kwa nini Akoko alisafiri mpaka Kisumu kumshtaki shemeji yake mbele ya wazungu, na ukijibu ovyo unapata sufuri. Hiyo ndiyo heshima. Kitabu kilisomwa kama kitabu, na Ukimwi ulipoingia katika familia ile, tuliusoma kama jambo lililowapata watu tuliowajua tangu sura za mwanzo.

Kuna swali moja la haki ambalo mtu anaweza kuniuliza: kwani ni vibaya daktari akiandika na apone kidogo? Si vibaya. Apone, Mungu ambariki. Mkulima naye hupata mazoezi akilima, lakini hatuendi sokoni kununua mazoezi yake. Tunanunua viazi. Tukivikuta vimeoza hatumwambii asante kwa kutushirikisha shamba lako.

Basi wahariri, mkimhoji daktari mwandishi, someni kitabu kwanza, na mkimchapisha mlipeni kama mnavyolipa mwingine yeyote. Na msitafute makoti meupe tu. Muuguzi, tabibu wa zahanati, mhudumu wa afya wa jamii anayezunguka Mathare kwa miguu, hao wamesikia mengi kuliko daktari bingwa, na wameyasikia kwa Kiswahili. Nanyi madaktari, wauguzi, matabibu: karibuni, tunawahitaji. Lakini leteni hadithi, msilete kidonda tu. Mkubali kukatwa kurasa tatu.

Na wewe msomaji, ukikutana na daktari kwenye uzinduzi wa kitabu chake, tafadhali usimuulize kama uandishi unamsaidia. Muulize kwa nini yule mama wa ukurasa wa 9 hana jina.